Dishi la Wavu Lililotazama Magharibi

Siku niliyomwambia kaka yangu kwamba nimeamua kununua dishi, alifurahi kuliko mimi mwenyewe. Alikuwa na banda la kutengeneza baiskeli karibu na stendi ya Nachingwea, na mimi nilikuwa nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Ruangwa, hivyo nilipita kwake kila nilipokuja kushughulikia mambo yangu. Aliacha tairi alilokuwa akiliziba, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichojaa grisi, akasema, "Hapo umenena, mdogo wangu. Chukua lile dogo. Linakaa ukutani kama sahani, halisumbui mtu, na mechi zote za Ulaya zimo humo."

"Lile dogo linashika Msumbiji?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Msumbiji kuna mpira gani wa kutazama?"

Mimi sikuwa na haja ya mpira. Nilitaka mama yetu aone kwao.

Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kule juu Mueda, akavuka mto akiwa msichana wakati wa vita vya kumtoa Mreno. Akafika Nachingwea, akaishi miaka kadhaa katika kambi ya wapigania uhuru wa kwao, kisha akaolewa na baba yetu, Mmwera wa Ruponda, mkulima wa korosho na ufuta. Uhuru ulipopatikana na wenzake wakaanza kurudi, yeye alikuwa tayari na kaka yangu mgongoni na mimi tumboni. Akabaki. Baadaye kwao kukazuka vita vingine, na amani ilipokuja magoti yake yalikuwa yameshachoka. Hakuwahi kurudi hata kutembea.

Usoni alikuwa na chale za Kimakonde, mistari iliyopangwa vizuri paji la uso na mashavuni. Sisi tuliziona nzuri. Watoto wa shuleni waliziona kichekesho, na mimi nimeitwa "mtoto wa Mmawia", kwa lile jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo, mpaka nikazoea. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kujifunza ukubwani, na kila alipotaka kusema neno kwenye mkutano wa kijiji kulikuwa na mtu wa kumwigiza. Akajizoesha kukaa kimya. Watu wa Ruponda walimjua kama mwanamke mpole asiyesema sana. Sisi tuliomsikia akiimba kwa Kimakonde jikoni tulijua kwamba upole si jina lake halisi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa bado nasoma, nyumbani tulikuwa na redio ya betri. Baba alipenda taarifa ya habari na salamu. Akishaondoka kwenda shambani, mama alikuwa akiichukua redio, anakaa nayo kwenye kivuli cha ghala, anazungusha kitufe polepole kwenye masafa mafupi mpaka anaipata sauti ya Msumbiji. Ilikuja na kukoroma, inapanda na kushuka. Yeye alitulia sikio likiwa limeegemea redio, midomo inacheza kidogo. Betri zikichoka, alizianika juani pamoja na muhogo ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Sisi tulifikiri anapenda zile nyimbo zao.

Baba alifariki, nami nilipomaliza chuo na kupangiwa Ruangwa, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma nje kidogo ya mji, nikamwomba mama aje tukae wote. Alikuja na kuku wake, vyungu vyake na ile redio, ambayo kwa wakati huo ilikuwa inashikwa na mpira wa ndani ya tairi. Na mambo ya televisheni yalikuwa yameanza kuingia Ruangwa. Ofisi zilikuwa nazo, nyumba ya wageni ilikuwa nayo, wafanyabiashara wa ufuta walikuwa nazo. Watu walipita wakihesabu madishi juu ya mapaa kama wanavyohesabu mabati.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa amerudi kutoka Mtwara ndiye aliyenitia moto. Alisema kwamba mahali alipofikia, mwenye nyumba alikuwa anatazama televisheni ya Msumbiji, bure, bila kadi wala kulipia mwezi. "Wanaongea Kireno tu," akasema, "lakini siku ya Jumapili walionyesha ngoma za wale Wamakonde wa kule, wenye vinyago usoni. Nikamkumbuka mama yako."

Tangu siku hiyo sikuwa na amani.

Basi pale bandani, kaka alipoona nimekaza, alifunga mlango akasema twende tukaulize kwa anayejua. Tukaenda kwenye duka lililokuwa likiuza redio, jenereta na madishi. Mwenye duka alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mwenye subira, aliyependa kuulizwa. Nje ya duka yalikuwa yamesimama madishi ya aina tatu, na akatupitisha moja baada ya jingine kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

"Hili dogo ni la bendi ya Ku," akasema, akigonga kwa ukucha. "Mawimbi yake ni mafupi na yanakuja na nguvu, ndiyo maana sahani hii inatosha. Lakini uso wake lazima uwe mzima, bila tundu. Na mvua ikiwa kubwa, picha inakatika mpaka mvua ipite."

"Mvua hainyeshi mwaka mzima," kaka akadakia.

"Kweli. Ila vituo vingi humo ni vya kulipia." Akasogea kwenye kubwa la wavu, lililokuwa limeegemezwa ukutani, refu kuliko kaka yangu. "Hili ni la bendi ya C. Mawimbi yake ni marefu, yametandazwa juu ya nchi nyingi kwa mara moja, kwa hiyo yanafika yakiwa dhaifu. Unahitaji dishi kubwa la kuyakusanya. Faida yake, kwa kuwa ni marefu, hayapiti kwenye matundu haya ya wavu. Yanagonga na kurudi kana kwamba ni bati. Upepo unapita, mawimbi hayapiti. Na mvua haiyasumbui sana."

Nikapitisha kidole kwenye wavu. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi habari za setilaiti zinazosimama juu ya ikweta, nikawachorea ubaoni dunia na nukta zake, lakini sikuwa nimewahi kugusa kitu kinachongoja mawimbi hayo.

"Televisheni ya Msumbiji iko bendi gani?"

"C," akasema. "Lakini mwalimu, nikwambie ukweli kabla hujachukua. Hapa wateja wangu wote wa bendi ya C wanaelekeza mashariki, kwenye setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kwa sababu huko ndiko wanakopata vituo vya nyumbani. Msumbiji iko kwenye setilaiti nyingine, ya magharibi, tena iko chini angani. Dishi moja haliwezi kutazama huku na huku. Ukilielekeza kule, Dar es Salaam huioni."

Kulikuwa na la tatu, la bati zima, kubwa kiasi, ambalo alisema linaweza kufungwa vichwa viwili na kushika bendi zote. Kaka aliling'ang'ania hilo macho yakimetameta. Lakini lilikuwa zito, linabeba upepo kama tanga, na hata hilo lisingeweza kugeuka lenyewe kutoka mashariki kwenda magharibi.

Tulitoka nje tukasimama kivulini. Kaka alinisihi kwa moyo wake wote. "Fikiria vizuri. Utaweka dude kubwa kama lile uwanjani, halafu hupati habari za nchi yako, hupati mpira, hupati sinema. Unapata Kireno. Nani kwako anajua Kireno? Mama mwenyewe ataangalia picha tu, siku mbili atachoka."

"Akichoka nitaligeuza mashariki."

"Na watu watasemaje?"

"Watu ndio waliomfanya anyamaze miaka yote hii," nikamwambia. "Kaka, sisi tumesoma, tumefanya kazi, tumejenga. Yeye tumempa nini ambacho ni chake mwenyewe?"

Alikuna kidevu, akatazama barabara. Kisha akasema, "Haya. Lakini nikija Ruangwa siku ya fainali usiniambie nitazame ngoma." Akarudi dukani kabla yangu na kumwambia mwenye duka afunge lile la wavu.

Lilisafiri likiwa vipande, vimefungwa kamba juu ya magunia kwenye lori lililokuwa likienda Ruangwa kuchukua ufuta. Mimi nilikaa mbele na dereva, risiva mapajani, kile kichwa cha mbele cha dishi ambacho mafundi wanakiita elenbi nimekivingirisha kwenye kanga. Kila lori liliporuka shimo niligeuka kutazama nyuma.

Mama alipoona vyuma vinashushwa alidhani ni uchanja wa kuanikia. Nilikuwa sijamwambia kitu, kwa kuogopa kumpa tumaini halafu lishindikane. Fundi wa pale mjini alikuja kuliunganisha, akachimba shimo, akasimamisha nguzo kwa zege, na zege lilipokauka akaja kulifunga dishi lenyewe. Majirani walijaa uani. Mama mmoja wa nyumba ya tatu akauliza kama tunataka kupepeta mpunga wa wilaya nzima. Mwingine akasema tukilipindua linafaa kuanikia ufuta. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naliona zuri sana, jeusi, la duara, limefumwa kama kazi ya mikono.

Ugomvi ulianza nilipomwambia fundi alielekeze magharibi.

"Mwalimu, mashariki," akasema. "Madishi yote ya mji huu yanatazama mashariki."

"Nayaona. Langu ni la magharibi."

Alikuwa kijana mwema, hakutaka kunivunja moyo. Alihangaika asubuhi nzima. Alizungusha, akainua, akainamisha, na mimi nikikaa sebuleni mbele ya televisheni kuukuu niliyonunua kwa mfanyabiashara mmoja, nikimpigia kelele dirishani, "Bado! Bado!" Jenereta yangu ndogo ilinguruma mpaka ikamaliza petroli yake. Alipokwenda kula alisema kwa upole kwamba sehemu ile pengine haipati, na kwamba nikikubali mashariki, kazi itakuwa ya muda mfupi tu. Nikamlipa kazi yake, nikamshukuru, nikamwambia nitafikiri.

Nilikaa uani mchana ule nikiwa nimenyong'onyea. Mama alikuja na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, akaniwekea, akakaa kwenye jamvi.

"Kitu gani unatafuta na chuma hiki?" akauliza. "Huyu fundi anasema mwalimu anataka kitu hakipo."

Ikabidi nimwambie. "Natafuta kwenu, mama. Televisheni ya Msumbiji."

Aliliangalia dishi kwa muda, kisha akaangalia lilikoelekea. Huko, mpakani mwa kiwanja, kulikuwa na mkorosho mkubwa niliokuta wakati nanunua kiwanja, na yeye ndiye aliyekuwa akiupalilia na kuokota korosho zake. Ulikuwa umeanza kuchanua.

"Chuma kinataka kuona mbali?" akauliza.

"Ndiyo. Kinataka kuona anga bila kizuizi, na chini kiasi."

"Basi mkorosho umeziba macho."

Nilisimama nikachukua dira niliyoazima shuleni. Nilikuwa nimepiga hesabu ya uelekeo, magharibi na kidogo kuelekea kaskazini kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta, lakini nilihangaishwa na hesabu ya dishi nikasahau kutazama kilicho mbele yake. Nikachuchumaa nyuma ya dishi, nikafuata kwa jicho mstari wake. Ulikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya yale majani.

"Mama, umechanua. Utakosa korosho za upande huu wote."

"Kata," akasema. Alikuwa ameshainuka kufuata panga.

Kaka alifika kesho yake bila kuitwa, kwa basi, baiskeli yake imefungwa juu, akisema amekuja kuona hasara yetu. Alipokuta matawi chini, alivua shati. Tukamalizia tawi la mwisho pamoja, tukawasha jenereta, akapanda juu ya kigoda nyuma ya dishi, na mimi nikakaa sebuleni na risiva. Mtu anayenyoosha rimu za baiskeli ana mkono wa subira. Alisogeza kidogo, akangoja, akasogeza tena. Mama alisimama mlangoni kati yetu, akipokea maneno yangu na kumpelekea.

"Anasema bado."

"Anasema bado, lakini mstari umetikisika."

"Rudisha! Anasema rudisha ulikotoka!"

Mstari wa mawimbi kwenye kioo ulipanda ukasimama. Nikaamuru risiva itafute vituo. Kilikuja cha kwanza, weusi mtupu. Cha pili, mtu akisoma kwa lugha nisiyoijua hata kwa kusikia. Kisha picha ikajaa kioo chote, safi, bila chenga, mwanamke aliyevaa kilemba akitangaza, na nyuma yake ramani niliyoijua kwa sababu niliichora ubaoni kila mwaka.

"Kaka, usiguse!" nikapiga kelele. "Usiguse hata kidogo! Kaza nati!"

Mama aliingia ndani. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, karibu kabisa na televisheni, kama alivyokuwa akikaa na redio kule Ruponda, na midomo yake ikaanza kucheza vilevile. Mtangazaji akasema jambo, na mama akasema, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka:

"Anasema mto umefurika kusini. Watu wamehamishwa. Waziri amekwenda kuwatazama."

Nilidhani amebuni kutokana na picha. Lakini picha ilikuwa bado ni ya yule mwanamke tu.

"Sasa anasema bei ya korosho," akaendelea. "Wanabishana kiwanda kifunguliwe au kisifunguliwe." Ndipo kioo kikaonyesha magunia, na watu wakibishana.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi. "Mama," akasema, "wewe unajua Kireno?"

"Ninajua."

"Tangu lini?"

"Tangu kambini." Alijibu kana kwamba tumemuuliza alijifunza lini kupika. Tulimzunguka, na televisheni ikaachwa iseme peke yake. Kidogo kidogo, akichanganya Kiswahili na Kimakonde, alituambia. Katika ile kambi ya Nachingwea, waliokuwa hawajui kusoma walifundishwa, kwa sababu nchi wanayokwenda kuijenga ilihitaji watu wanaosoma. Lugha iliyowaunganisha, Wamakonde na Wamakua na watu wa kusini kabisa, ilikuwa ni hiyohiyo ya Mreno. Yeye aliishika haraka. Na aliyeishika haraka alipewa wengine awafundishe.

"Ulikuwa unafundisha?" nikauliza.

"Wanawake wenzangu. Na wazee wengine. Asubuhi kubeba mizigo, jioni kubeba chaki." Akacheka kidogo. "Ubao ulikuwa mlango wa gari bovu."

Nilikuwa nimetembea miaka yote nikijiita mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu. Katika harusi na misiba nilitambulishwa hivyo, na nilipenda. Jioni ile, nikiwa nimekaa sakafuni kwangu, nilivuliwa cheo hicho, na sijawahi kufurahi kupoteza kitu kama nilivyofurahi kukipoteza kile.

"Kwa nini hukutuambia?" kaka akauliza.

Mama alifikiri. "Nani angesikia? Baba yenu aliita Kireno lugha ya adui. Na mimi nilikuja hapa, Kiswahili kinanishinda, watu wanacheka. Nikasema na Kireno, wangecheka mara mbili. Nikaweka." Aligeukia televisheni. "Lakini redio niliisikiliza, Kireno kisiniishe."

Siku zilizofuata habari zilienea, kwanza kama mzaha. Ruangwa nzima ilisikia kwamba mwalimu amenunua dishi kubwa kuliko yote mjini na amelielekeza kusikokuwa na kitu. Waliopita barabarani walionyeshana. Halafu mmoja mmoja wakaanza kuingia, kwa kuwa televisheni ni televisheni, na wakakuta kwamba mama anaieleza. Wakati huo kulikuwa na tamthilia ya jioni kutoka nchi nyingine inayosema Kireno, ya mapenzi na urithi na mama mkwe mkorofi, na ilipoonyeshwa ikawa mkeka wetu hautoshi. Mama alikaa mbele, pembeni ya kioo, akigeukia watu. Alisubiri mtu wa kwenye kioo amalize kusema, kisha anatoa maneno kwa Kiswahili chake kilekile cha kukosea, na hakuna aliyecheka, maana anayecheka anakosa kinachosemwa.

Yule jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa ameuliza habari za mpunga, hakukosa hata jioni moja. Siku moja alimwambia mama, "Mama Mwalimu, huyu mwanamume ni mwongo, au mimi ndiye sielewi?"

"Mwongo," mama akasema kwa uhakika. "Anatumia maneno ya heshima sana. Mtu mkweli hasemi hivyo kwa mke wake."

Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na sufuria ya chai, nikamtazama mama yangu, chale zake zikiwa zimemulikwa na mwanga wa kioo, ameketi wima mbele ya watu wa mji ambao wengine wao walikuwa wakiwaita watu wa kwao kwa jina la dharau. Nikaona kwamba nimenunua dishi sahihi.

Ngoma za kwao zilikuja pia, Jumapili moja alasiri. Wacheza vinyago, vumbi, wanawake wakipiga vigelegele, na nyuma yao ile nchi ya juu yenye michongoma. Siku hiyo mama hakutafsiri. Watu walielewa wakanyamaza. Wimbo ulipoanza aliudaka kwa sauti ya chini, akauimba mpaka mwisho, na ulipokwisha alijifuta uso kwa ncha ya kanga akasema tu, "Wamebadilisha ubeti mmoja."

Kaka hatimaye alinunua lile dogo la bendi ya Ku kwa ajili ya banda lake la Nachingwea, akawa anaonyesha mpira, na biashara ilimwendea vizuri. Sikumcheka. Lilikuwa dishi zuri kwa kazi yake. Ila masika yalipofika, mechi kubwa ilikatika mvua iliposhuka, na watazamaji wakamfuata na maneno makali. Alinisimulia mwenyewe, akicheka, aliponitembelea siku ya mvua kama ile na kukuta mama anatazama taarifa ya habari bila hata chenga moja. Alikaa karibu naye. "Wanasemaje?" akauliza, na mama akamweleza.

Kilichonipa fahari kuliko vyote hakikupangwa na mtu. Miaka ile vijana wa Ruangwa na Nachingwea walianza kuvuka Ruvuma kwenda kununua ufuta na mbaazi upande wa pili. Walikuwa wakipata tabu na makaratasi ya kule, na wauzaji, na askari wa mpakani, kwa kutojua lugha. Mmoja wao, mtoto wa jirani, alikuja siku moja kuuliza namna ya kusalimia na kuhesabu. Mama akamkalisha barazani. Wiki iliyofuata alileta wenzake. Baadaye walitoka hata Mnero, wanakuja na basi la asubuhi.

Nilirudi kutoka shule mchana mmoja, jua kali, begi la madaftari ya wanafunzi begani. Nilisikia sauti kabla sijafika getini, sauti za wanaume zikiitikia kwa pamoja, na moja ya mwanamke ikiwasahihisha bila huruma. Nikasimama nje ya ua nisiwakatize. Mama alikuwa amesimama. Kwa miaka mingi sikuwa nimemwona amesimama anaposema na watu. Alikuwa ameegemeza ukutani kipande cha bati, ameandika kwa mkaa herufi kubwa, za mviringo, zilizonyooka kuliko zangu.

"Mara nyingine," akawaambia. "Na wewe wa nyuma, fungua mdomo. Askari wa kule hasikii mtu anayenong'ona."

Wakarudia, kwa nguvu, mpaka kuku wakakimbia. Aliniona kichwa kimetokeza juu ya ua. Akaniashiria kwa mkaa niingie nikae, na nikaingia, nikatafuta nafasi kwenye jamvi kati ya wale vijana, nikatoa kalamu.